Zana ya Kuchora Magogo Kutoka Ngamiani: Jinsi Ilivyotambuliwa na Jinsi Bei Yake Ilivyopatikana

Zana inayochambuliwa hapa ilitoka katika kasha la fundi seremala wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyefariki akawaachia watoto wake kasha zima bila kuandika wala kusimulia habari za vilivyomo. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo haikuhitaji mtaalamu: tezo mbili, juba, bobari, keke pamoja na uta wake, randa ya mbao iliyolika chini, na misumeno miwili ya mkono. Kimoja tu ndicho kilichowashinda wote waliokishika, wakiwemo mafundi samani wa Makorora na mafundi wa mashua ambao wameishi na vyuma vya kazi tangu utoto wao.

Binti wa marehemu alipoileta zana hiyo kwangu niitathmini alikuwa amekwisha kupewa bei mbili zilizopishana mno. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alimwekea mkononi shilingi 30,000 na kumtaka aamue siku hiyo hiyo. Dalali mwingine alimwambia kwamba hiyo ni mali ya Mjerumani, kwamba haipatikani tena duniani, na kwamba asikubali chini ya shilingi milioni tatu. Yeye hakuwa na haraka ya kuuza. Alitaka kujua baba yake alikuwa na nini, kisha ndipo aseme lolote kuhusu fedha. Nakubaliana kabisa na mpangilio huo wa maswali, kwa sababu bei inayotajwa kabla ya kujulikana zana ilifanya kazi gani ni bei ya hadithi, na hadithi hupanda na kushuka kwa kadiri ya ulimi wa anayeisimulia.

Zana ina urefu wa sentimita 17 pamoja na mpini. Mpini ni wa mpingo uliokerezwa, wenye mistari miwili ya mapambo, na unashikwa na pete ya shaba pale unapokutana na chuma. Shina lake ni la feleji, la pembe nne, na mwishoni linagawanyika. Upande mmoja kuna mwiba mfupi ulionyooka na kuchongoka. Milimita 16 kutoka kwenye mwiba huo kuna kijembe kidogo kilichokunjwa hadi kupata umbo la herufi U, na ukingo wa mkunjo huo umenolewa. Katikati ya shina kuna mkono wa tatu uliofungwa kwa ribiti, unaoweza kukunjuliwa na kulazwa tena, na ncha yake nayo imekunjwa kwa umbo la U, ila ni pana zaidi ya ile ya kwanza.

Makisio matatu yalikuwa yamekwisha kutolewa, na yote yalistahili kupimwa, kwa kuwa hakuna hata moja lililokuwa la kipuuzi.

La kwanza lilikuwa kisu cha kuchongea kwato za punda na farasi. Kisu hicho kweli huwa na ncha iliyokunjwa, na anayekijua ataikumbuka ncha hiyo mara moja. Lakini kisu cha kwato kina ubapa mrefu unaofanya sehemu kubwa ya kazi, na mkunjo wa ncha ni wa kusafishia mifereji tu. Tena hakuna anayeweka mwiba mkali karibu na makali yanayopita juu ya mguu wa mnyama aliye hai. La pili lilikuwa kifaa cha mshona viatu cha kuchimba mfereji wa uzi kwenye ngozi. Hilo nalo lilianguka upesi, kwa kuwa upana wa mfereji wa zana hii ni mkubwa kuliko soli nyingi zinavyoweza kuvumilia.

Kisio la tatu ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa sababu lilikuwa na mizizi katika historia ya Tanga yenyewe: kwamba ni kisu cha kugemea mpira. Katika zama za Wajerumani mashamba ya mpira wa Ceara, mti wenye asili ya Brazili uitwao kitaalamu Manihot glaziovii, yalienea katika nyanda za nyuma ya mji huu, kuanzia Muheza hadi Korogwe, mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 kutokana na mpira wa mashamba ya Asia. Mti huo haukutoweka. Majani yake ndiyo yanayopikwa hadi leo kama kisamvu cha mpira, na huenda hiyo ndiyo sababu kumbukumbu ya kugema imebaki hai katika familia nyingi. Hata hivyo, namna mpira wa Ceara ulivyogemwa hapa haikuhitaji kijembe cha kuchimba mfereji. Utaratibu uliojulikana kwa jina la shamba la Lewa ulikuwa wa kusafisha gome, kulipaka maji makali yanayogandisha utomvu, kisha kulichoma kwa ncha bapa katika sehemu nyingi, ili utomvu ugande hapo hapo juu ya mti na kukusanywa kwa kuviringishwa. Mifereji iliyochimbwa kwenye gome ni desturi ya Hevea, aina nyingine ya miti ya mpira, ambayo ndiyo iliyotawala Asia. Kwa hiyo kifaa cha mgemaji wa Lewa kingekuwa na ncha ya kudunga, wakati zana hii imetengenezwa ili ichimbe.

Baada ya kuyaondoa makisio hayo, nilirudi kwenye makali, maana ndiko mtengenezaji alikoacha nia yake. Makali ya kijembe kidogo hayatazami mbele wala nyuma, yanatazama ubavuni. Kijembe kilichowekwa hivyo hakiwezi kukata kikisukumwa wala kikivutwa, bali kinakata pale tu kinapozungushwa kuuzunguka mwiba, kama mguu wa bikari unavyouzunguka mwenzake. Makali ya mkono unaokunjuka, kinyume chake, yanatazama upande wa mpini, na maana yake ni kwamba unakata kwa kuvutwa kuelekea kwa mshikaji. Zana moja, basi, ina uwezo wa kuchimba duara na tao kwa upande mmoja, na kuchimba mstari ulionyooka kwa upande mwingine. Ukiwa na duara, tao na mstari, unaweza kuandika tarakimu zote na herufi nyingi.

Hapo utambulisho ulikuwa umekamilika. Hii ni zana ya kuchorea alama kwenye mbao na magogo. Ilitumika sana Ulaya katika karne ya 18 na ya 19, na iliendelea hadi karne ya 20 katika yadi za mbao, kwa wapima misitu, kwa maseremala wa nyumba za mihimili waliotaka kila kiungo kijulikane na mwenzake, na kwa maofisa wa ushuru waliokuwa wakiandika ujazo kwenye mapipa ya pombe. Sababu ya kuwepo kwake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kuona gogo likishushwa bandarini. Chaki hufutwa na mvua, rangi hukwanguka magogo yanapoburuzwa, na karatasi haishiki juu ya mti mbichi. Nyundo ya chapa, ambayo maofisa misitu wetu wanaigonga kwenye magogo hadi leo, inadumu, lakini inaandika alama ile ile iliyochongwa kwenye uso wake. Mfereji uliochimbwa kwa mkono unadumu sawasawa na chapa ya nyundo, na juu ya hapo unaweza kubeba namba ya gogo, urefu wake, mzingo wake au alama ya mwenye mali.

Nilithibitisha kwa jaribio dogo, baada ya kuhakikisha kwamba chuma hakina ufa na kwamba ribiti haichezi. Kwenye kipande cha mbao laini niliudidimiza mwiba kidogo na kuuzungusha mkono. Kijembe kilitoa duara safi la kipenyo cha milimita 32, yaani mara mbili ya umbali kati yake na mwiba. Mkono wa kuvuta ulichimba mstari wenye kina kinachoweza kusomwa kwa kidole gizani. Jaribio la namna hii sipendekezi lifanywe na kila mtu kwa kila zana ya kale, kwa kuwa feleji ya zamani iliyonolewa mara nyingi huwa nyembamba na hukatika bila onyo. Katika kisa hiki lilikuwa na faida ya ziada: lilionyesha kwamba mwiba umelika upande mmoja tu, jambo linalotokea pale mtu anayezungusha mkono kwa mwelekeo ule ule anapofanya hivyo kwa miaka mingi. Zana hii ilitumika kweli, na ilitumika sana.

Swali la umri na asili lilijibiwa na shina. Chini ya tabaka la mafuta yaliyogandana na vumbi la mbao kulikuwa na mihuri. Nilitumia mafuta ya taa kidogo, brashi laini ya meno na kitambaa cha pamba, bila kukwangua, kisha nikaimulika kwa tochi kutoka ubavuni ili vivuli viingie ndani ya herufi. Yalisomeka maneno CAST STEEL na, chini yake, SHEFFIELD. Jina la mtengenezaji lilikuwa juu ya maneno hayo, lakini kutu ilikuwa imelila kiasi cha kubakiza mkia wa herufi mbili. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya mistari mitatu inayokutana juu, ambayo nyumbani kwa marehemu waliizoea kwa jina la mguu wa kuku.

Maneno ya kwanza yanahusu feleji iliyoyeyushwa katika vyungu vya udongo, njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740 na iliyoufanya mji huo kuwa maarufu kwa vyuma vya makali. Watengenezaji waliendelea kupiga muhuri huo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo peke yake hauipi zana tarehe. Unasema tu kwamba makali haya ni ya feleji ya daraja la juu, na kwamba mtengenezaji alitaka mnunuzi ajue hivyo.

Mguu wa kuku ndio uliokuwa na habari nzito zaidi. Ni mshale wa Serikali ya Uingereza, alama iliyopigwa kwa karne nyingi juu ya mali ya Taji, kuanzia magogo ya milingoti ya jeshi la majini hadi majembe ya askari, na iliyolindwa na sheria ya mwaka 1875 iliyofanya kuwa kosa kuitumia au kuifuta bila mamlaka. Vifaa vilivyoondolewa kazini na kuuzwa kwa halali viliweza kupigwa mshale wa pili unaokutana na wa kwanza ncha kwa ncha. Zana hii ina mshale mmoja. Ilikuwa, basi, ya idara fulani ya Serikali ya Uingereza, au ya jeshi lake, na hakuna muhuri wa kuonyesha kwamba iliuzwa rasmi.

Kwa mji wa Tanga jambo hilo linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Majeshi ya Uingereza yalishindwa kuingia hapa Novemba 1914, yakauteka mji Julai 1916, na tangu wakati huo ndipo vifaa vya serikali hiyo vilipoanza kuwa vitu vya kawaida katika bandari, reli na misitu ya Usambara. Zana yenye mshale huo ndani ya kasha la fundi wa Ngamiani inafaa zaidi katika kipindi hicho kuliko katika zama za Boma la Mjerumani. Ingekuwa ya Kijerumani, ningetarajia kuona jina la mji kama Remscheid, au herufi D.R.P. za hataza zilizoanza mwaka 1877, au D.R.G.M. za usajili wa maumbo zilizoanza mwaka 1891. Hakuna hata moja. Dalali hakuwa na ushahidi wowote isipokuwa imani iliyoenea mno katika mkoa huu kwamba kila chuma cha zamani ni cha Mjerumani na kila cha Mjerumani ni utajiri. Imani hiyo imewafanya watu wachimbe misingi ya nyumba za kale na kuziharibu, na inaniuma kuiona ikiingia pia katika makasha ya mafundi.

Mpini wa mpingo nao ulisema neno lake. Zana nyingi za Sheffield za aina hii zilitoka kiwandani na mipini ya miti ya Ulaya, hasa ile ya rangi hafifu yenye vistari vifupi kwenye ubao wake. Mpini huu ulikerezwa huku pwani, na mistari yake miwili ni ya mkono uliozoea miguu ya vitanda. Pete ya shaba ndiyo ya asili. Mpini wa kwanza ulivunjika au kuoza, na fundi aliona zana ina manufaa ya kutosha kuigharamia mpingo.

Ndipo nilipoomba kuzungumza na baba mdogo wa binti huyo, mzee ambaye hakuwahi kuulizwa. Sikumwonyesha zana kwanza, wala sikumwambia ninachodhani, kwa sababu ushahidi wa mzee unaoanza na jibu lililokwisha kutajwa hauna uzito. Nilimwuliza tu kaka yake alifanya kazi wapi kabla ya kufungua karakana yake. Akajibu kwamba katika ujana wake marehemu alikuwa kibarua katika yadi ya magogo, chini ya fundi mkubwa aliyemfundisha, na kwamba kazi yake ilikuwa "kuandika magogo ya mvule yaliyoshuka kutoka milimani, namba zikaingia ndani ya mti." Alipokabidhiwa zana aliishika moja kwa moja kwa kidole gumba juu ya shina, mkao ule ule ambao mwiba unaudai. Akaongeza, "Hii aliachiwa na fundi wake, mwanangu, si ya kuokota." Maneno hayo yaliandikwa yote, kwa tarehe, na mzee akatia sahihi.

Sasa bei. Katika minada ya zana za kale nchini Uingereza, zana za kuchorea magogo za kawaida, zilizo kamili na zisizo na tarehe wala mapambo, huuzwa kwa makumi ya pauni. Zinazopanda juu sana ni zile za karne ya 18 zenye nakshi na mwaka uliochongwa, na hii si mojawapo. Kama ingekuwa na mpini wake wa asili na jina la mtengenezaji linalosomeka, ningeikadiria pauni 45. Mpini umebadilishwa, jina limeliwa, na kijana mmoja wa nyumbani alikuwa amekwisha kuupiga msasa mkono unaokunjuka hadi ukang'aa, kwa nia njema ya kuipendezesha. Rangi ya kahawia iliyotulia juu ya feleji kwa miongo mingi hairudi, na mnunuzi mzoefu huipunguzia zana bei mara tu aonapo mng'ao mpya. Kwa upande mwingine, mshale wa serikali huongeza hamu ya wakusanyaji wa vitu vya kijeshi. Nilifikia pauni 35, ambazo kwa kiwango cha wakati huo cha shilingi 3,300 kwa pauni zilikuwa shilingi 115,500.

Fedha hizo, hata hivyo, haziwezi kuingia zote mkononi mwa mtu aliyeko Ngamiani. Mnada ukikata asilimia 20, zinabaki shilingi 92,400, na gharama ya kutuma kifurushi kilichosajiliwa hadi Ulaya humeza sehemu kubwa ya hizo. Kwa muuzaji na mnunuzi waliopo Tanga, wote wakijua wanachouziana, niliweka shilingi 80,000 kuwa bei ya haki. Shilingi 30,000 za mnunuzi wa kwanza zilikuwa kidogo mno, ingawa mfanyabiashara naye anapaswa kubakiza faida. Shilingi milioni tatu za dalali hazina msingi popote pale ninapopajua.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa mabaki ya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na zana yenye historia hii haiangukii huko. Nilimshauri binti wa marehemu aombe uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mamlaka za mambo ya kale endapo siku moja atataka kuisafirisha. Nilimkumbusha pia kwamba fremu ya mlango wa kuchongwa iliyoko uani kwake ni jambo jingine kabisa: sheria hiyo hiyo inailinda milango iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika na ya Mashariki kabla ya mwaka 1940, na madalali wa zana huwa pia ni madalali wa milango.

Kuna thamani nyingine ambayo soko la Uingereza haliilipii hata senti. Mnunuzi wa ng'ambo ataona mpini uliobadilishwa na kupunguza bei; mtu wa Tanga anayesoma historia ya kazi ataona mpingo wa pwani ukiwa umefungwa juu ya feleji ya Sheffield, pamoja na jina la mtumiaji, jina la aliyemfundisha, aina ya mti uliochorwa, na ushuhuda wa ndugu yake. Vifaa vya serikali vya aina hii vipo vingi duniani, lakini vyenye maelezo ya mtu aliyevishika ni vichache. Kwa sababu hiyo nilipendekeza kwa mkazo kwamba kasha libaki zima, na kwamba familia izungumze na makumbusho yaliyomo ndani ya Boma la kale mjini kuhusu uwezekano wa kuliazima kwa mkataba wa maandishi, huku umiliki ukibaki kwao.

Karatasi ya tathmini niliyoitoa ina picha za pande nne, vipimo, usomaji wa mihuri, maelezo ya mpini, ushuhuda wa baba mdogo, na bei mbili zilizotenganishwa wazi: shilingi 80,000 kwa mauzo ya hapa, na shilingi 115,500 kama gharama ya kupata nyingine inayolingana nayo kutoka ng'ambo, endapo itapotea ikiwa imeazimwa. Kwa utunzaji niliagiza ipakwe mafuta ya mashine tone moja moja kwenye ribiti na nta nyepesi kwenye feleji, ifungwe kwa kitambaa kikavu kwa ajili ya chumvi ya hewa ya bahari, na msasa usiiguse tena. Mnunuzi wa kwanza aliporudi na kufika shilingi 60,000, binti wa marehemu alimwonyesha karatasi hiyo na kumjibu kwamba kasha la baba yake haliuzwi kipande kipande.